Kilio Kilichotiwa Kinanda

Bi Shemsa aliingia katika ofisi ya habari za mtandaoni bila kubisha hodi, kanga ya msiba ingali kiunoni.

"Nani aliyetia kinanda kwenye kilio changu?"

Gadi, mhariri wa video, akavua hedifoni. Alimtambua mara moja. Ndiye mama aliyepigwa picha juzi akigaragara kando ya machimbo ya mawe, mwanawe akitolewa kifusini.

"Pole sana, mama. Tuliongeza muziki kwenye video ili iwaguse watu. Nchi nzima imeiona."

"Iwaguse?" Bi Shemsa akaisogelea meza. "Nimezika mtoto, wewe ukaona kilio changu hakijakolea, ukakiunga? Watoto wa mtaani wanakiimba! Kitoe hicho kinanda."

"Imeshasambaa, mama. Hata nikiifuta..."

"Kitoe, nimesema. Nataka ukisikie."

Gadi akainamia kompyuta, akaondoa muziki, akabonyeza. Kilio kikajaa chumbani, kikavu, kirefu, kikiita, "Hatibu! Hatibu!" Mmoja wa waandishi waliokuwa wakicheka mlangoni akaziba mdomo kwa kiganja. Gadi akanyoosha mkono apunguze sauti.

Bi Shemsa akaudaka mkono ule, akaukandamiza mezani.

"Sikiliza mpaka mwisho."

Kilio kikaendelea, kikatoka madirishani hadi barabarani. Huko chini wapita njia wakaanza kusimama, nyuso wameziinua, mikono ikipapasa mifukoni kutafuta simu za kurekodia.