Kila Kiungo Kishike

Zuhair alining'iniza gunia la tende kwenye pezi la roketi, akaliachia. Pezi halikubanduka.

"Alhamdulillahi," alisema dada yake, Shukriya, aliyekuwa amezuia pumzi muda wote huo.

Roketi yenyewe ilikuwa bomba la kadibodi ngumu, refu kupita kimo cha Zuhair, mwalimu wa fizikia hapo mjini Ibra. Ya kwanza aliirushia mji wa Izki. Gundi ya haraka aliyoitumia ililainika ndani ya gari lililoachwa juani. Mapezi yakabanduka hewani, na roketi ikaangukia shamba la mitende, ikalichoma. Sasa wali, mtawala wa mji, alimruhusu kurusha mara moja tu. Kikibanduka kitu tena, kazi ya ualimu hana. Na kazi hiyo, tangu waliporejea nchi ya wazee wao kutoka Unguja, ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye, dada yake na mama yao.

"Watu wanasema umerogwa," Shukriya alimwambia.

"Na wewe wasemaje?"

"Mie nasema ulikuwa na pupa."

Zuhair alicheka. "Kweli, dada. Gundi haitaki pupa."

Safari hii alichagua gundi ya polepole, ya kuchanganya kutoka mirija miwili, sawa kwa sawa, ambayo ikishakauka haijali jua. Alimfundisha Shukriya: kwanza paruza kwa msasa, maana gundi haishiki penye utelezi, futa vumbi na mafuta, paka, kisha usiguse mpaka kesho. Mikono ya Shukriya, mikono ya mshonaji, ilikuwa mitulivu kuliko yake. Akamwachia mapezi mawili ayagandishe mwenyewe.

Alhamisi alasiri Zuhair alikunja kitambaa kikubwa cha hariri, akakinyunyizia poda ya watoto, akakitia ndani ya bomba.

"Leo umemwogesha mtoto?" Shukriya alimtania.

"Mtoto wangu huyu," alijibu, akaenda zake msikitini.

Shukriya alibaki akikagua kiungo baada ya kiungo, huku akisoma Ayatul Kursiy. Mapezi, imara. Mkia, imara. Aliposhika kichwa cha roketi, kilicheza mkononi mwake.

Ndugu yake alikuwa amekisahau! Alikichomoa, akaparuza kwa msasa, akafuta, akachanganya gundi, akapaka kwa ndani ili pasionekane uchafu, akakirudisha na kukibana. Hakumwambia mtu. Sadaka ya siri, alijisemea, ndiyo yenye thawabu.

Ijumaa baada ya sala watu walikusanyika uwandani nje ya mji, wali mbele yao. Zuhair alimwangalia dada yake mara moja, akabonyeza swichi.

Ardhi ilinguruma. Shukriya alifumba macho. Alipoyafumbua, roketi ilikuwa ikipanda wima kama herufi ya alifu, bila kuyumba, bila kudondosha hata kipande. Watu wakaleta takbiri. Wali mwenyewe alikuwa akipiga makofi. Shukriya alilia kwa shukrani.

Zuhair alikwishakimbia mpaka katikati ya uwanda, kichwa juu, mikono ameitandaza.

"Njoo tuipokee, dada!" alimwita, akicheka kama mtoto. "Sasa hivi kichwa kitachomoka, mwavuli wa hariri utoke, ishuke taratibu. Ndiyo maana kile peke yake sikukitia gundi!"