Uzito wa Mgongoni

Mwasiti alirudi kutoka kuwasindikiza wageni wa mwisho wa matanga, mlango ukakataa kufunguka.

"Mwendo huu siutambui," ikasema bangili mkononi mwake.

Funguo zilishasahaulika mjini. Bangili ndiyo iliyomjua mtu, kwa hatua zake na mkono unavyopunga. Ya Mwasiti ilikuwa imezoea miezi minane ya kumbeba mwanawe Shukuru mgongoni, na sasa Shukuru yuko kaburini.

Mumewe, Kibwana, akamfungulia kutoka ndani. "Nimewauliza wenye bangili. Itajifunza mwendo wako upya, siku arobaini."

"Na jiko? Na maji?"

"Vyote, mke wangu."

Kesho yake Kibwana alikwenda kazini. Mwasiti akapima kilo nane za unga, akazifunga mgongoni kwa mbeleko ileile, akatembea.

"Karibu, Mama Shukuru," ikasema bangili. Jiko likawaka.

Jioni Kibwana alimkuta anasonga ugali, mzigo ungali mgongoni.

"Utue basi, nimesharudi."

"Taratibu," Mwasiti akanong'ona, akiupigapiga unga. "Ndiyo kwanza amelala."

Kibwana akavua viatu, akapita kwa kunyata.

"Mwendo huu siutambui," ikasema bangili yake.