Kicheko Baada ya Jina

"Siok-hun, njoo kidogo."

Siok-hun alikuwa jikoni akimparua samaki magamba. "Subiri nawe," akamjibu mumewe bila kugeuka. "Njaa imekuondolea adabu."

Sauti hiyo mumewe aliirekodi miaka miwili nyuma, kabla maradhi hayajamfunga ulimi. Sasa, kitandani, huziangalia herufi moja moja kwenye kioo, na kompyuta ndogo hufuata macho yake na kumsemea kwa sauti hiyo. Siku ya kurekodi jina la mkewe alishikwa na kicheko, akakataa kurudia. "Liacheni hivyo hivyo," alisema. "Nikimwita bila kucheka atadhani nimekasirika."

Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi ambao mizimu huzurura. Juzi tu mama yake Siok-hun alimwonya tena: "Ukiitwa kutoka nyuma usiitike, mwanangu, wala usigeuke."

"Basi mume wangu aniite kwa barua, mama?" alimjibu, wakacheka wote wawili.

"Siok-hun, njoo kidogo."

Akanyoosha mkono achukue kitambaa, mkono ukaishia hewani. Kompyuta ilikuwa pale mezani mbele yake, kando ya sufuria ya wali, kioo chake cheusi tii. Aliileta mwenyewe asubuhi aichaji.

Bomba liliendelea kumwaga maji. Gamba moja lilikuwa limemganda kidoleni, likimetameta. Alikumbuka kwamba ameshaitika. Akakumbuka pia kwamba mara zote mbili hakusikia kicheko.

"Siok-hun."

Safari hii ilitokea karibu kabisa, begani.

Akafunga bomba, akageuka.