Jembe Jipya Nyuma ya Gari

"Mama Nadège, motokari unauzisha, sasa jembe mupya na shuka nyeupe viko vinafanya nini mule nyuma?"

Ndivyo Jocelyne, jirani yake Godelieve, alivyomuuliza siku moja, pua ameibandika kwenye kioo cha gari.

"Ni vya mwenye gari," Godelieve alijibu, akaendelea kumenya mihogo.

Jocelyne alicheka. Mwenye gari si yeye mwenyewe?

Leo Jocelyne hakucheka. Alikaa kwenye mkeka, kisu mkononi, macho kwa mnunuzi aliyesimama uani. Kesho shemeji yake Godelieve angekuja kuichukua gari na kwenda kuitafutia mnunuzi Bukavu. Mnunuzi huyu ndiye alikuwa wa mwisho.

"Huyu pia utamufukuza?" Jocelyne alinong'ona. "Shauri yako. Roho yako imefungiwa mu ile motokari."

Rozari ilitembea polepole kati ya vidole vya Godelieve.

Mume wake, Raphaël, alitoka na gari hiyo asubuhi moja kupeleka abiria Lulimba. Hakurudi. Baadaye sana gari ilionekana imeachwa kando ya barabara, mbali kule, tangi kavu, viti vinanuka tumbaku ya watu wasiojulikana. Walimtafuta Lulimba, wakamtafuta milimani Fizi, wakachoka. Ukoo ukakaa matanga bila kaburi. Na bila kaburi, wazee walisema, matanga hayaondolewi. Ndiyo maana Godelieve alikuwa bado amevaa nyeusi.

Siku moja akaipaka gari rangi ya bluu, akasema anaiuza. Watu walifurahi: mjane ameanza kupona. Lakini habari ya kuuza aliitupa kwa mashofa, madereva wa barabara ya Lulimba, peke yao, na kila aliyekuja alirudi mikono mitupu.

Mnunuzi wa leo alijiita Déogratias. Mtu mpole, kofia machoni.

"Mi natoka Uvira, maman. Hii barabara yenu siijue. Nasikia tu iko mubaya."

"Karibu, mutoto wangu. Tuliishi na hii gari miaka mingi, sitakudanganya," Godelieve alisema. "Iko ndogo, lakini tumbo yake kubwa. Ukilaza kiti cha nyuma, inabeba mihogo ya Mboko mpaka unaihurumia. Imebeba bamama wenye uchungu, na hakuna aliyezalia njiani. Hata kengele ya kanisa letu, njo ilibeba."

"Mulima, inapanda?"

"Kwenda Fizi? Inapanda. Lakini usiikanyage kwa hasira, itachemka kama mama mukwe. Iimbie wimbo moja, itafika."

Jocelyne akaguna. "Ile wimbo tu njo hauko wa kuuza."

"Dirisha ya shofa haishukake," Godelieve aliendelea. "Mvua ikinyesha, abiria wa mbele anashika ndoo. Taa ya kushoto inawaka ikipenda."

Kila mnunuzi aliambiwa makosa yote ya gari. Yote, isipokuwa moja.

Déogratias alifungua boneti, akawasha, akategea sikio. "Moteur iko muzima." Akainama kwenye magurudumu, akayagonga kwa kiatu, akazunguka taratibu kuelekea nyuma.

Rozari ikasimama.

Kati ya wanunuzi waliotangulia, wa kwanza aliyefika pale nyuma, shofa wa lori, aliuvuta mlango wa nyuma mpaka jasho likamtoka. Mwingine alivunja ukucha. Mwingine aliomba bisibisi. Na kila mmoja Godelieve alimwambia kwa upole: "Acha, baba. Gari haiuzwi leo."

"Matairi haya, maman, inafaa kubadirisha," Déogratias alikuwa anasema. "Barabara ya mawe kama hii yenu..."

Huku akisema hivyo, bila kuangalia, alibandika kiganja cha kushoto kwenye kioo, akaugonga mlango kwa goti mara moja chini ya kibao cha namba, akanyanyua.

Mlango ukafunguka bila hata kulia.

"Eh!" Jocelyne aliangusha kisu. "Mi mwenyewe, miaka yote hii, ule mulango bananifunguliaka!"

Ndani, juu ya kiti kilicholazwa, kulikuwa na jembe lenye mpini mweupe na shuka iliyokunjwa vizuri.

Godelieve alisimama.

"Kengele njo ilipinda ule mulango. Raphaël alikuwa anaufungua vile vile. Mimi, yeye njo alinifundisha. Wewe sijui ulijifunzia wapi."

Déogratias alikwaruza rangi ya bluu kwa ukucha wake. Chini yake ilikuwa nyeupe, rangi ya zamani ya gari.

"Sikuita askari," Godelieve alisema. "Hapa tuko na huyu mama na Mungu tu. Sikuulize nani alimuua. Nakuuliza analala wapi."

Kuku walichakura chini ya gari. Kule ng'ambo ya ua mtu alikuwa anatwanga sombe ya majani ya mihogo, mchi unapanda na kushuka. Jocelyne aliziba mdomo kwa kitenge.

Mtu yule alivua kofia. Alichukua jembe akaliweka begani, akaibana shuka kwapani. Akatoka uani kwa miguu. Hakugeukia upande wa Lulimba. Alishika kile kijia cha mashamba nyuma ya kanisa, ambacho Godelieve alikipita kila asubuhi kwenda kuchimba mihogo.