Mjapani Ndani ya Banda

Reverien alikuwa katikati ya kuigiza kicheko cha mbweha wa katuni pale mgeni alipoinama kuingia kwenye banda lake la video. Akakatiza.

Kwenye runinga mbweha aliendelea kucheka peke yake, kwa Kijapani. Watoto wa benchi la mbele wakageuka kumtazama mtafsiri wao. Alikuwa palepale pembeni, kipaza sauti mkononi, macho kwa mgeni.

"Dijei, mbweha kasemaje?"

"Kasema tulieni."

Mkewe Valeria, aliyekuwa mlangoni akipokea viingilio, alikuja akamnong'oneza. "Ni Mjapani."

"Mchina wa kujenga barabara huyo."

"Wachina wa barabara wakija wanataka filamu za ngumi. Huyu kaiulizia hii katuni. Nimempa kava la sidii, kayafuata yale maandishi kwa kidole huku anaitikia kwa kichwa. Kasulu hii nani anaweza kuyasoma yale?"

Hakuna. Reverien mwenyewe hakuweza. Siku ya kwanza alipoionyesha katuni hii, watu walimuuliza amejulia wapi Kijapani, akajibu kwamba alifundishwa na daktari Mjapani wa kujitolea, enzi anakulia kambi ya wakimbizi. Alijibu kwa mzaha, lakini mji ukaamini, na habari zikavuka hadi Kibondo. Baadaye ikawa aibu kuzirudisha.

Kwa hiyo aliitafsiri kwa macho tu, maneno akayabuni. Yule msichana wa kwenye katuni alimbatiza Loyce. Loyce anavuka milima ya theluji akiongozwa na mbweha, anatafuta dawa ya mama yake. Akirudi, mama amelala, taa inazimika, halafu kinabaki kiwanja cheupe cha theluji hadi picha inakatika. Hapo ndipo Reverien husema, kila Jumapili, "Mama amelala. Asubuhi ataamka."

Alikuwa ameichoka. Filamu za ngumi watu walizichoka wenyewe, zikaondoka. Hii hawakuiachia. Waliililia watoto, wakaililia bodaboda, akaililia hata katekista, ambaye alidai ni moshi wa jenereta. Walijua kila hatua ya yule msichana na bado walirudi.

Na alirudi Bibi Winifrida, na wajukuu wake wawili. Mama yao alivuka mpaka pale Manyovu mwezi wa tano, vurugu za ng'ambo zilipoanza, kwenda kumtafuta mumewe. Tangu hapo hajasikika. Bibi hakuwa na la kuwaambia wale watoto, basi akawa anawaleta wasikie la Reverien.

"Leo ndiyo leo, Dijei," Pasikali wa bodaboda alipaza sauti kutoka nyuma. "Mwenye lugha yake kaja. Ukichapia tunakusikia!"

Banda likacheka. Mgeni naye akacheka kidogo, akakaa kwenye benchi la Bibi Winifrida. Bibi akamsogeza mjukuu mmoja ampishe.

Reverien akaendelea. Aligundua kwamba mgeni hacheki picha inapochekesha. Anacheka na watoto, baada ya yeye kutafsiri. Ananingoja nijikaange mwenyewe, aliwaza. Mara kadhaa mgeni aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, kama hakimu asiyetaka kupitwa na neno.

Loyce akafika nyumbani. Akapiga magoti kando ya kitanda. Bandani ikasikika jenereta tu.

Reverien akafikiri: nikisema amekufa, nitakuwa nimepona. Mjapani hatanisuta, mji hautanicheka, na uongo huu nitakuwa nimeutua. Akatazama benchi la Bibi Winifrida. Mjukuu mdogo alikuwa amekwisha kufungua midomo, tayari kuyasema maneno pamoja naye.

"Mama amelala," alisema Reverien. "Asubuhi ataamka."

Mgeni akasimama ghafla, kichwa chake kikaziba nusu ya kiwanja cheupe.

"Enhe!" alisema Pasikali. "Mzee, katafsiri sawa?"

Mgeni alijifuta uso kwa mkono wa shati, akawapita watu, akatoka.

"Umeona?" mtu mmoja alisema. "Kakasirika."

Bibi Winifrida aliwashika wajukuu mikono. Alipofika kwa Reverien alisimama. "Mwana wanje, mwanangu," alisema taratibu, "wewe ulituambia unakijua Kijapani." Akatoka nao.

Reverien alikunja nyaya polepole, akitumaini gari la mgeni litakuwa limeondoka. Lilikuwepo. Mgeni aliegemea mlango wake, vumbi jekundu hadi magotini. Bibi alikuwa hatua chache kando, hakutaka kuondoka kabla ya kusikia.

"Naomba radhi," Reverien alianza. "Mimi lugha yenu..."

"Ngoja," mgeni alimkatiza. Kiswahili chake kilikuwa cha kwenye vifusi na makatapila, kifupi, lakini kilieleweka. "Nimetoka Kibondo, kambi ya barabara. Wameniambia Kasulu kuna mtu anajua Kijapani. Nimeendesha tangu asubuhi."

Alimshika Reverien mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mimi Mchina. Kijapani sijui hata neno, ni maandishi tu yanafanana na yetu. Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu, mama yangu mgonjwa, walileta katuni hii, na mtafsiri wetu alisema mama wa msichana anakufa. Wewe umesoma lugha yao. Niambie kweli: anaamka?"