Doa Kwenye Sindano

Doa lile lilikuwa limerudi tena.

Mtafiti aliegemea kiti, akajikunyata ndani ya sweta la mumewe, mikono mirefu ya sweta ikining'inia juu ya glavu. Chumba cha hadubini kilikuwa baridi kama jokofu, na macho yake yalishachoka. Sindano ya mashine, nyembamba kuliko chochote, ilipita juu ya molekuli zake ikipima zinavyotetemeka. Kila aina ina mtetemo wake, kama kila mtu na mwendo wake. Lakini kando ya mtetemo alioutaka, mtetemo mgeni, ule wa doa, ulikuwa umejipachika, mwezi mzima sasa.

“Mkuu wa maabara kasema likionekana na kesho, mashine wanapewa wenzako,” fundi wa mashine alimwambia. “Kazi yako yote inakwenda na maji, mwanangu.”

“Ni mafuta ya kujipaka, mzee. Kuna mtu ananiletea humu.”

Alishampiga marufuku shoga yake wa ofisi ya juu asikanyage humo. Wakanuniana, hata kupeana mkono wakaacha. Doa likabaki palepale. Basi leo akapita kila ofisi akiomba tone la mafuta ya kila mtu.

“Kumbe unafungua saluni!” walimcheka.

Akayapima moja moja. Ya fundi, siyo. Ya mkuu, siyo. Ya mfagizi, siyo. Yakabaki ya shoga yake, anayochanganyiwa na shangazi yake nyumbani, hayauzwi popote. Mistari miwili kwenye skrini ikafanana kama pacha.

Akapanda ngazi akihema.

“Umeingia tena! Nimeshajua!”

Shoga yake aliruka, nusura aangushe kikombe. “Nimeingia wapi?”

“Chumba cha mashine!”

“Aa, huko.” Akashusha pumzi. “Haki ya Mungu sijakanyaga. Muulize fundi.”

Akashuka kwa fundi.

“Kweli hajaingia,” fundi alisema. “Ufunguo ninao mimi. Humu ni mimi na wewe tu.”

Mtafiti akajibwaga kitini. Baridi ilimwingia hadi mifupani. Akavuta mkono wa sweta ukafunika vidole, akauinua apashe pua.

Akanusa, akanusa tena: harufu ya yale mafuta ya shangazi.

Kisha, polepole, akalivua sweta la mumewe.

“Mzee,” alisema, “kuna mtu mmoja hatujampima.”