Daraja la Katikati

Ndani ya mkoba, chini ya chupa ya maji na mikate, seremala alikuwa ameficha kipande cha mbao chenye ndege aliyemchonga kwa mkono wake. Ndicho pekee kilichosalia cha kitanda cha binti yao.

"Mimi nashika kulia," mkewe alisema walipofika njia panda. "Wewe shika kushoto."

"Na goti lako? Kulia kuna mlima."

"Goti ni langu."

Njia ile ilizunguka korongo lote la hifadhi. Mkono mmoja ulipita ukingo huu, wa pili ukapita ng'ambo, na yote miwili ikakutana juu kabisa, kwenye daraja la mbao. Shemeji mtu ndiye aliyewashauri waje. "Nyumbani mnapishana kama wapangaji," aliwaambia. "Nendeni mkatembee. Wagombanao ndio wapatanao."

"Tukikutana darajani," mkewe akasema bila kumtazama, "tutarudi nyumbani pamoja. Tusipokutana, mimi nakwenda kwa dada, na usinifuate."

Akaondoka. Seremala aliutazama mgongo wake mpaka ukapotea nyuma ya kona. Kasuku wake. Alimpa jina hilo enzi za uchumba, mkewe alipokuwa akimwigiza kila neno mpaka wote wawili wanashikana mbavu kwa kicheko. Sasa Kasuku alikuwa bubu.

Msiba wa binti yao haukuwatenganisha; waliulia pamoja. Kilichowatenganisha ni kitanda. Muda mfupi baada ya maziko, mkewe akiwa kazini, seremala alishindwa kukitazama tena. Akaking'oa misumari, mbao akazitia kwenye kabati la mteja. Mkewe alirudi akakuta chumba kimefagiwa.

"Hata hukuniuliza," alisema, na tangu hapo wakawa watu wa "chakula kipo mezani" na "funga mlango."

Neno moja tu lingetosha kumjibu. Lakini seremala, aliyezizoea mbao ngumu zisizokubali randa, alikuwa na ulimi mzito kuliko gogo. Kila alipolitafuta lile neno, liligoma kooni.

Akapiga moyo konde, akapanda. Kuta za korongo zilikuwa za udongo mwekundu, zimeota nyasi mpaka chini. Vumbi likampalia, akapiga chafya iliyomtoa kofia kichwani. Akaiokota, akaendelea kupanda katika kimya kile kile, akilifanyia mazoezi lile neno kwa kunong'ona.

Darajani hakukuwa na mtu.

Akakaa. Akasimama. Akachungulia ng'ambo, lakini kona za korongo zilificha njia. Mwishowe akaweka viganja mdomoni, akaita, "Uko wapi?"

"Uko wapi?" sauti ikarudi kutoka ng'ambo, nyembamba, upepo umeikwangua.

Mwangwi. Akatikisa kichwa. "Njoo!"

"Njoo!"

Kumbe hata korongo lilikuwa likimcheka. Hata hivyo pale, peke yake, bila macho ya mtu usoni pake, alihisi koo limefunguka. Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Nisamehe, mke wangu! Nilikosa!"

Kimya kidogo. Kisha: "Nisamehe!"

Mengine korongo liliyameza. Seremala akaangua kilio. Neno aliloshindwa kulitoa miezi yote hiyo hatimaye lilitoka, na aliyelipokea ni yeye mwenyewe. Alilia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia makaburini, kwa maana siku ile alikuwa ameshika bega la mkewe na ilibidi mmoja wao asimame.

"Turudi nyumbani!" akaita katikati ya machozi.

"Turudi nyumbani!" Ilirudi haraka, na kwa nguvu kuliko alivyoituma.

Akaziba masikio. Akangoja mpaka kivuli cha daraja kikarefuka bondeni, na mkewe hakutokea. Basi alikuwa ameshaamua. Huenda aligeuka zamani, pale pale kwenye kona ya kwanza. Hakumlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga alimjua.

Akamtoa ndege mkobani, akamfuta vumbi kwa shati, akamsimamisha juu ya nguzo ya daraja.

"Basi, kwaheri!" akaita mara ya mwisho.

Safari hii sauti ilikawia. Ilikawia hata alikuwa ameshaanza kushuka.

"Kwaheri," ikasema, chini chini.

Aliteremka kwa njia ile ile aliyopandia, na alipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia, maana miguu haikuwa na haraka ya kufika popote. Getini mlinzi alikuwa akifagia majani.

"Mama ametangulia, mzee wangu," mlinzi akasema. "Amekuja anachechemea, goti limemvimba hivi! Anasema lilimgomea kona moja kabla ya daraja. Nikamtafutia gari."

"Hakuacha neno?"

"Neno gani? Alikuwa analia tu."

Seremala akatazama barabara. Akatafuta la kusema, lolote, ili naye asije akalia mbele ya mgeni.

"Korongo lenu hili lina mwangwi mbaya," akasema. "Linamwigiza mtu mpaka linamtoa machozi."

Mlinzi akaegemea ufagio, akacheka.

"Mwangwi? Humu? Kuta zote hizo ni udongo na nyasi, mzee wangu, zinameza kila kitu. Watalii wanaita mpaka wanakauka koo, hawajibiwi. Humu ukisikia sauti, ujue kuna mtu."